Mwani Uliorudi Kambani

Nyoka akiingia chumbani, mwenye nyumba hatumi mtu mjini akamletee fimbo. Huokota iliyo karibu, hata ikiwa mwiko wa kusongea ugali. Jambo hili mtoto mdogo analijua, lakini watu wazima wenye akili zao timamu hulisahau siku nyoka anapobisha hodi kwa jina jingine. Katika kijiji cha Mwambakuni, mwendo mfupi kutoka Mlingotini, nyoka huyo aliitwa ushuru.

Mwambakuni ni kijiji cha mwani. Kila bamvua, maji yanapokupwa hadi miamba ikaota jua, wanawake huteremka pwani kufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Mwani ukikomaa huvunwa, sehemu yake hurudishwa kambani kuwa mbegu, na uliobaki huanikwa juu ya chanja, ukatiwa maguniani na kuuzwa kwa kampuni moja ya mjini. Kazi hii haina utajiri. Chumvi hula vidole, na mgongo huinama ukasahau kunyooka. Hata hivyo, ndiyo iliyowaezekea nyumba zao na kuwasomesha watoto wao.

Mgeni binti Masoud, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mwani, aliijua thamani hiyo kuliko wote. Mumewe alipofariki, watu walitarajia kwamba angerudi kwa kaka yake kulelewa. Yeye akashika kamba. "Bahari ina chumvi, lakini haina masimango," alisema.

Kisha ofisi moja ya mbali, ambayo hakuna mwanamke wa Mwambakuni aliyepata kuuona mlango wake, ikaamua kwamba kila gunia la mwani lilipiwe ushuru kabla ya kupanda lori. Mkulima hakuulizwa. Wanawake walizipata habari asubuhi walipomkuta kijana mpole aitwaye Abdulrazak amefunga kizuizi njiani, mashine ya risiti ikimning'inia shingoni kama hirizi.

"Shikamoo, Bi Mgeni."

"Marahaba, baba. Hicho ulichovaa ni kitu gani?"

Abdulrazak akaeleza huku macho yake yakichunguza mchanga.

"Na hao waliokutuma," Mgeni aliuliza, "wanaujua mwani, au wanadhani huota juu ya lori?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Ushuru wenyewe ulikuwa wa kukomba chungu. Aliyeulipa alikuwa amelowa msimu mzima kwa ajili ya mtu asiyemjua. Wanawake wakaanza kunong'onezana kwamba heri wazing'oe kamba zao wakauze vitumbua. Maneno hayo yalimchoma Mgeni kama mwiba wa samaki taa. Kikundi kikivunjika, kazi iliyowasimamisha wajane na walioachwa ingekufa, na isingefufuka tena.

Ndipo kaka yake, Bwanaheri, alipojitokeza. Bwanaheri alikuwa amenadi samaki ufukweni ujana wake wote, na sauti yake haikupata kustaafu.

"Mnalia nini na mimi nina Najim?" alinguruma. "Mwanangu yuko makao makuu ya serikali! Anakula sahani moja na wakubwa!"

Simu ikapigwa, sauti ikafunguliwa ili wote wasikie. "Shangazi," Najim alisema, "msilipe wala msiuze. Uwekeni mwani ghalani mpaka nilishughulikie."

Vigelegele vikapaa. Mgeni naye alipiga, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyembeba kijana huyo mgongoni utotoni. Katika Mwambakuni, mtoto wa kijiji akipata kazi ya mbali huhesabiwa kuwa mlango wa wote, na kumhoji ni kumvunjia baba yake heshima. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza Najim alifanya kazi gani hasa. Magunia yakarundikwa katika banda kuukuu la makuti la Bwanaheri, wakasoma dua, wakapika wali wa nazi, wakangoja.

Wakangoja sana. Leo faili lilikuwa juu, kesho limeteremka, keshokutwa mkubwa amesafiri. Kila Mgeni alipouliza, Bwanaheri alimjibu kwa kumwonyesha kiganja, kana kwamba anamtuliza mbuzi.

"Kaka Bwanaheri," alisema Mwanvita, jirani mwenye ulimi usio na kizibo, "huyo mwanao ni mtumishi au ni mwewe? Tunamsikia angani tu, chini hatui!"

"Mwanvita, mambo ya serikali si kukuna nazi!"

"Kweli si sawa! Nazi ukiikuna, hata machicha unayaona."

Masika yakaingia. Mwani mkavu hunywa unyevu kama mchanga unavyokunywa maji, na siku Mgeni alipofungua gunia la kwanza, joto na harufu ya uvundo vilimpiga usoni. Akafungua la pili, akafungua la tatu. Yote yalikuwa yamegeuka uteute. Jasho la wanawake wa kijiji kizima lilimchuruzika vidoleni.

Alimpigia Najim palepale, bila salamu.

"Najim, huko ofisini unafanya kazi gani?"

"Shangazi, mimi niko kwenye ununuzi wa viti na meza. Watu wa ushuru wako jengo jingine kabisa. Nimekwenda, nikarudi, nikaenda tena. Wananiambia nisubiri."

"Mbona hukusema?"

"Baba alikwisha kuwatangazia watu wote. Ningemwaibisha vipi?"

Mgeni akakata simu bila kumkemea. Kijana hakuwa mwongo wala mvivu. Alikuwa mbali, basi. Hasira iliyobaki ilimgeukia yeye mwenyewe, aliyekaa msimu mzima akiitazama simu badala ya kuitazama bahari.

Bamvua lililofuata, wanawake waliteremka pwani wakiwa wamenuna. Mwani mpya ulikuwa umekomaa kambani, na juu njiani Abdulrazak alikuwa akiwangoja.

"Tumvue ile mashine tuitupe majini!" alifoka Mwanvita. "Ikawatoze ushuru pweza!"

Wakacheka, ingawa wengine walikwisha kufunga vibwebwe.

"Ukiitupa, kesho italetwa nyingine pamoja na polisi," Mgeni alisema. "Mashine ile hula magunia. Basi tusiipe gunia hata moja."

"Na mwani huu tuufanyeje?"

"Tuukate, tuurudishe kambani wote uwe mbegu. Mwani ulio majini haulipiwi ushuru, haunyeshewi na mvua, wala hausubiri faili."

"Tutakula nini, dada?"

"Kwani sasa tunakula nini? Tunakula ahadi."

Walichukua visu, wakakata, wakafunga upya mpaka maji yalipowafikia viunoni. Haikuwa rahisi. Jikoni mihogo ilizoeleka hadi ikachukiza, na wapo waliokuja kwa Mgeni wakilia, wakiomba kuuza kidogo tu, kwa siri. Aliwagawia chaza alizookota miambani, akalia nao, akawanyima ruhusa. Hakuna aliyeuza. Wenzao wa vijiji jirani waliposikia, nao wakarudisha mwani wao kambani.

Lori la kampuni likaja, likaondoka tupu. Lilipokuja tena, Salumu, wakala wa kampuni, aliteremka akifuta jasho. Tangu ushuru uanze alikuwa hajatamka neno, kwani haukumwuma yeye.

"Bi Mgeni, mwani umekufa?"

"Uko hai, mwanangu. Nenda kautazame."

Salumu alitazama. Shamba la mwani lilikuwa limeenea mpaka ukingo wa miamba.

"Mbona hamvuni? Wanunuzi wa ng'ambo wanatudai mzigo!"

"Waambie waliotunga ushuru waje wavune. Sisi tunalea mbegu."

Salumu alipanda gari bila kuaga. Mabwana zake wa mjini, ambao muda wote walikuwa wameufumbia macho ushuru huo, sasa walikuwa wameguswa nao puani. Walijua milango ya kubisha, wakaibisha kwa ngumi. Haukupita muda, watu wa ile ofisi ya mbali wakafika Mwambakuni kwa miguu yao wenyewe, viatu vyao vikizama matopeni, wakaketi mkekani na kumsikiliza Mgeni mpaka alipomaliza. Wakatangaza mbele ya wote kwamba ushuru umefutwa, na kwamba hautawekwa mwingine kabla ya wakulima kuulizwa. Abdulrazak alifungua kizuizi chake akitabasamu kuliko mtu yeyote.

Magari yalipoondoka, Bwanaheri alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Mmeona?" alinadi. "Niliwaambia Najim atalimaliza!"

Mwanvita alishika kiuno, akavuta pumzi ya matusi. Mgeni akamgusa mkono. Alikuwa amechoka mno kugombana, na maji yalikuwa yakikupwa. Kulikuwa na mwani wa kuvuna.

"Kaka," alisema huku akijifunga kanga, "Najim ni mwanetu, na tunampenda. Lakini yeye alikuwa kule, na nyoka alikuwa hapa."

Akateremka pwani, na wanawake wote wakamfuata, wakamwacha Bwanaheri juu ya kinu chake akiwanadia kuku. Maana fimbo ya mbali haiui nyoka.