Ndege Iliyoachiwa Upindo

Hii nimeletewa asubuhi na shemeji yangu. Nimeisoma mara mbili, chai ikachemka mpaka ikamwagika, nikaona si vyema nibaki nayo peke yangu. Msiniulize ni enzi gani hiyo mtemi na ndege walikuwapo kwa wakati mmoja; nami nimeipokea hivyo hivyo.

Palikuwa na mtemi aliyetawala nchi ya milima. Kila masika mto ulibeba daraja, na hospitali iliyoko ng'ambo ya korongo ikabaki bila dawa. Mtemi alichoka kuzika watu kwa sababu ya daraja. Akamwita Fundi Ngasa, mtu pekee aliyejua kuunda ndege.

"Nataka ndege ya kuvusha dawa," akasema. "Chupa za dawa ni za kioo, kwa hiyo tutapima kwa mayai. Utachukua mayai ishirini juu ya mwamba, uvuke korongo, utue uwanja wa hospitali. Likipasuka moja njiani, umeshindwa. Nakupa mara tatu. Ukishindwa zote, naifunga karakana yako na namtafuta fundi mwingine."

Ngasa hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na karakana ile tu, pamoja na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Holo kwa jina la binti yao. Mama Holo alishona sare za shule, na cherehani yake ilikaa mlangoni mwa karakana.

Mara ya kwanza Ngasa aliweka mabawa mapana. Yangetua polepole bila shida, lakini upepo wa korongoni uliyashika, ukaigeuza ndege kichwa chini. Akatoka salama, mayai hayakutoka.

Mara ya pili akaweka mabawa membamba. Yalikata upepo vizuri sana, ila ndege ilikuja na kasi yake yote mpaka ikasimama kwenye ukuta wa jiko la hospitali. Mayai yalikuwa yamekorogeka tayari, yamekosa chumvi tu. Wagonjwa walicheka siku nzima, na Ngasa akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Ndipo akapata wazo. Aliunda mbavu za bawa ziweze kusogea: akivuta mkono mmoja wa chuma, bawa linabana; akiusukuma, linatanuka na kupinda. Akalifunika kwa kitambaa, akakikaza kama ngozi ya ngoma, kwa sababu mafundi wote wa ndege hukaza hivyo. Alipousukuma ule mkono, kitambaa kikapasuka kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Akabadilisha kitambaa mara nne. Mara nne kikapasuka. Siku ya mwisho ilikuwa keshokutwa.

Mama Holo alikuwa anashona, anasikia kitambaa kikichanika, anauma midomo asiseme. Ya tano ikamshinda.

"Baba Holo, kaptula uliyovaa nimekushonea mimi, sivyo?"

"Mama Holo, niache. Hujui mambo ya ndege."

"Sijataja ndege, nimetaja kaptula. Inakutosha kabla ya ugali?"

"Inanitosha."

"Na baada ya ugali?"

Ngasa akajishika kiunoni. Pale palikuwa na mpira, na kitambaa kimekunjwakunjwa juu yake, kinafunguka tumbo likijaa na kurudi tumbo likipungua.

Mama Holo akaliendea gauni la Holo lililotundikwa ukutani, akageuza upindo. "Huyu alianza kulivaa akiwa darasa la tatu. Sasa yuko la sita. Nikishona nguo ya mtoto najua atakua, kwa hiyo namwachia upindo. Wewe umeunda bawa linalokua, halafu umelivalisha nguo isiyokua."

Ngasa akasogeza kiti cha cherehani, akamkaribisha mkewe kama mgeni wa heshima. Walishona siku mbili, huku wakitaniana.

Asubuhi ya jaribio la tatu ikaja shida nyingine. Mayai ya mjini yalikuwa yameisha kwa yale majaribio mawili. Mpishi wa mtemi alihangaika nyumba hadi nyumba, mwisho akaenda nyuma ya jiko lake mwenyewe, akamkuta kuku mkubwa ameatamia. Akamsukuma, akachukua ishirini. Kuku alimdonoa mpaka mpishi akafungwa kitambaa mkononi, lakini alifika mwambani kwa wakati.

Mtemi, Mama Holo na mpishi wakatangulia ng'ambo kwa daraja, maana masika yalikuwa hayajafika, kisha Ngasa akaruka. Upepo ulipomkamata akavuta mkono wa chuma. Mabawa yakabana, kitambaa kikajikunja, ndege ikapita korongoni kama mtu mwenye haraka zake. Ilipofika juu ya hospitali akausukuma. Mabawa yakatanuka, upindo wote ukafunguka, hakuna uzi uliokatika. Ndege ikashuka taratibu, ikagusa ardhi, ikasimama hatua tano kutoka kwa mtemi. Wauguzi walipiga vigelegele.

Mtemi akafunua kikapu, akahesabu mwenyewe. Alipofika la ishirini, uso ukabadilika.

"Fundi, hili lina ufa."

Vigelegele vikakatika. Ngasa akavua kofia. Mama Holo akamshika mkono mumewe, na kwa kweli alikuwa analia.

Ufa ukaongezeka. Kikatoka kitu kidogo cha manjano: mdomo. Kisha kichwa kilicholowa, na kifaranga kikalia kwa sauti kubwa kuliko umbo lake. Jirani yake kikapuni naye akaanza kugonga ganda.

Mtemi alimtazama mpishi. Mpishi akaficha mkono wenye kitambaa nyuma ya mgongo.

Mtemi akacheka mpaka akakaa chini. "Nilisema lisipasuke njiani," akasema. "Hili limepasuka kwa sababu limefika. Karakana ni yako, fundi. Sasa niambie, umebadilisha nini?"

"Ndege ni ile ile, Mtemi. Nimeiachia upindo tu. Na aliyenifundisha ni huyu hapa."

Mama Holo akafuta machozi. "Mtemi, mengine baadaye. Hawa wanamtaka mama yao."

Basi safari ya kwanza rasmi ya ndege ile haikubeba dawa. Ilikwenda kumchukua kuku, aliyevuka korongo akiwa amekasirika, akashuka mbele ya mtemi bila hata kumsalimu. Dawa zikaanza kuvuka wiki iliyofuata, na masika yale hakuna aliyezikwa kwa sababu ya daraja.

Ukimaliza kusoma, mpelekee mtu mmoja anayekaza kila kitu. Unamjua.

Funzo: Ukipanga kazi yako, nyumba yako au maisha ya mwanao, acha upindo. Anayekubali kubadilika njiani hajapoteza msimamo. Ndiye anayefika na mzigo wake ukiwa hai.