Jembe la Kumzikia Biharusi

Hapo zamani. Msiniitikie kwa vigelegele, hadithi hii haina sherehe. Hapo zamani isiyo mbali, maana wote nitakaowataja bado wanakula na kulala, palikuwa na tembo jike aliyeitwa Biharusi.

Aliitwa hivyo kwa sababu kila asubuhi alipakwa rangi usoni, nyeupe na nyekundu, akatandikwa kitambaa cha kumetameta mgongoni, akasimamishwa katika bustani ya Bi Tausi Ngonyani, kando ya mto wetu, ili wageni wamtazame. Mguu wake wa nyuma ulifungwa mnyororo, na mnyororo ulifungwa kwenye nguzo ya zege. Hatua tatu mbele, hatua tatu nyuma. Bibi harusi gani anafungwa mguu? Hakuna aliyeuliza.

Na Biharusi alikuwa akicheza. Ndivyo tulivyosema. Aliyumba kushoto, akayumba kulia, kichwa huku na huku, mkonga ukining'inia, kutwa nzima, hata pasipo ngoma. Wageni wakasema, "Mwone anavyofurahi!" Wakapiga makofi. Sasa nawaambia: tembo wa porini hachezi vile. Tembo anayeyumba vile amefungwa mpaka akili imemchoka. Ni kama mfiwa anayejitikisa mkekani. Nani kati yenu angempigia mfiwa makofi? Sisi tulipiga miaka ishirini.

Mimi ni mpiga mbiu wa kijiji chetu, hapo kando ya mto. Kwangu hukaa jembe moja ambalo halilimi shamba. Nitawaambia kazi yake.

Kiangazi kimoja mto ulikauka, yakabaki madimbwi. Asubuhi moja, bustani imejaa, kundi la tembo wa porini likatokea ng'ambo kutafuta maji. Mbele yao alikuwa jike mzee mwenye pembe moja. Akasimama. Akainua mkonga. Akatoa mlio ambao tuliusikia kifuani kabla haujafika masikioni.

Biharusi akaacha kuyumba. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini, akatulia tuli. Akatandaza masikio yake, akaitika.

Siku hiyo watu wanne walikuwa na nafasi ya kumwokoa. Wasikilizeni mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Mzee Nandonde, muuza miwa ya kumlisha Biharusi pale getini. Yeye alimtambua yule wa pembe moja. Miaka ishirini nyuma alimkuta ndama amenasa kwenye matope ya mto uleule, na mama yake, mwenye pembe moja, anamvuta kwa mkonga. Nandonde na wenzake wakagonga madebe, wakawasha moto, mama akakimbia. Wakamtoa ndama, wakampeleka kwa Bi Tausi. Nandonde akapata baiskeli, akapata na nafasi ya kuuzia miwa. Kwa hiyo siku ile alijua. Alijua huyu ni mama na yule ni mwana. Akainamia miwa yake, akaendelea kumenya.

Wa pili ni Mwalimu Editruda Haule. Mwanamke mwema, sitamsingizia. Hajawahi kumchapa mtoto. Kila mwaka alileta darasa lake kumwona Biharusi, na siku ile alileta wanafunzi themanini. Alipoona tembo ametulia, akamwendea mtunzaji, akamwambia kwa upole, "Kaka Hokororo, mbona leo hachezi? Watoto wangu wametoka mbali. Wamemtungia na wimbo. Naomba acheze, hata kidogo tu."

Wa tatu ni Bi Tausi mwenyewe, ameketi barazani na birika lake la chai. Hokororo akamwendea mbio. "Mama, amewasikia wenzake. Anatetemeka mwili mzima. Nimfungulie?"

"Wageni kwanza, Hokororo."

"Mama, sijawahi kumwona hivi."

"Nimesema wageni kwanza. Ukimfungulia, kesho utamtunza nani? Mimi?"

Wa nne ni huyo Hokororo, aliyemlisha na kumwosha Biharusi tangu alipoletwa. Ufunguo wa kufuli ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba. Aliushika, nilimwona. Kisha akauachia, akachukua fimbo yenye kulabu ya chuma, akaipachika nyuma ya sikio la Biharusi, pale ngozi ilipo laini, akavuta. Mara moja. Mara ya pili. Biharusi akayumba kushoto, akayumba kulia. Watoto wakaimba wimbo wao. Watu wakapiga makofi.

Ng'ambo ya mto mama akalia tena.

Hapo Biharusi akavuta mnyororo. Akavuta kuelekea mtoni. Nguzo haikutikisika. Akavuta, watu wakacheka wakidhani ni mchezo mpya. Akavuta, damu ikachuruzika kwenye kifundo, watu wakaacha kucheka. Akavuta mpaka tukasikia mfupa wa mguu ukivunjika. Akaangukia kifua. Na tembo akilalia kifua chake hapumui muda mrefu, uzito wake mwenyewe unamkaba. Hokororo alipopata akili ya kufungua kufuli, alikuwa akimfungulia maiti.

Sasa nisikilizeni habari ya jembe. Kwetu, mnyama wa kufugwa akifa kwa kuteswa, aliyemtesa huchimba kaburi lake peke yake, mchana, na kijiji kizima hukaa kumtazama. Hasaidiwi. Hapewi kivuli wala maji. Tunamtazama tu mpaka amalize. Kaburi la mbwa ni saa moja. La ng'ombe ni siku nzima. La tembo hatukujua, halikuwahi kuchimbwa.

Kesho yake asubuhi nikapiga mbiu. Watu wakakusanyika kuuzunguka mwili ule, rangi ya urembo ingali usoni. Nikaliweka jembe chini. Nikauliza, "Nani anaokota?"

Nandonde akasema, "Si mimi. Mimi nilimtoa matopeni. Ningemwacha angekufa siku ileile. Mimi nilimpa miaka ishirini."

Nikamwambia, "Miaka ishirini ya nini, mzee?"

Akatazama pembeni. "Ya uhai," akasema. "Na jana ningesema nini? Nani angemsikiliza muuza miwa?"

Jembe likabaki chini.

Mwalimu Editruda akajitokeza, macho yamevimba kwa kulia. Akaushika mpini, tukadhani basi, amepatikana. Kisha akasimama nao mkononi, akatugeukia. "Nimewafundisha watoto miaka kumi na moja kwamba tembo akiyumba anafurahi. Kibao pale getini kimeandikwa Njooni Mwone Tembo Anayecheza. Nyinyi mnaishi hapa. Hata mmoja wenu hakunivuta pembeni akaniambia, Mwalimu, huyu anaumwa! Mimi nilimpenda. Ningeambiwa ukweli, ningemleta mtoto gani hapa? Wanaochimba ni waliojua."

Mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Mnyororo hukuuona, Mwalimu? Au nao ulidhani ni bangili?"

Mwalimu akauachia mpini. Jembe likarudi chini.

Bi Tausi hakusimama hata kidogo. Aliongea akiwa ameketi. "Bustani ni yangu, sikatai. Lakini mimi sijamgusa yule mnyama hata kwa kidole. Na nyinyi mnaonikazia macho, bati la zahanati lililetwa na nani? Kisima mnachotekea kilichimbwa na nani? Mbona mlipokuwa mkijaza ndoo hamkuuliza maji haya yametoka kwa nani? Wasingekuja watazamaji ningemfunga nimwonyeshe nani? Haya, anayesema mimi ndiye nichimbe aanze kwa kurudisha maji."

Hakuna aliyerudisha maji. Wengine tulikuwa tumeyanywa asubuhi hiyohiyo.

Hokororo akaja mwisho. Yeye ndiye tuliyemngoja, maana kulabu ilikuwa mkononi mwake na ufunguo shingoni mwake. Akasema, "Nyinyi mmemjua kwa rangi na kitambaa. Mimi nilimjua kwa jina nililomwita tukiwa wawili, na sitawaambia. Alipoharisha nilimwosha mimi. Alipokataa kula nilimtafunia miwa, nikamwekea kinywani. Ningeacha kazi, angeletwa mwingine mwenye mkono mzito kuliko wangu. Kila nilipomvuta kwa kulabu niligeuza uso."

Watu wakampigia kelele, "Uligeuza uso! Na mkono je, uligeuka?"

"Haukugeuka," akasema. "Lakini niliuliza. Katika wote waliokuwepo jana, mimi peke yangu niliuliza kama nimfungulie. Nikajibiwa. Anayeuliza na anayejibu, nani achimbe?"

Akalia. Ndiyo, alilia sana. Lakini jembe hakuliokota.

Tukabishana kutwa. Nandonde amsukumie Bi Tausi, Bi Tausi amsukumie Mwalimu, Mwalimu amsukumie Hokororo, Hokororo amrudishie Bi Tausi. Siku ya pili harufu ikatushinda. Bi Tausi akaagiza katapila. Likachimba, likasukuma, likafukia, likasawazisha, na kufikia adhuhuri dereva alikuwa anakula chapati. Hakuna aliyechimba kwa mikono yake. Hakuna aliyetazamwa. Bi Tausi akafunga bustani siku arobaini, akasema ni matanga. Matanga! Siku hizo zote mafundi walikuwa ndani wanapaka nguzo ile rangi mpya.

Leo nguzo ina mnyororo mpya. Ni mwembamba, wa mguu mdogo. Ndama ameletwa, sijui kutoka matope gani, sijui madebe yaligongwa na nani. Hokororo amerudi kazini, anasema bora awe yeye. Nandonde anamenya miwa. Mwalimu Editruda haji tena, ila shule nyingine tatu zinakuja. Na baadhi yenu hapa, nimewasikia, mmeshaanza kuulizana gari la kwenda kumwona linaondoka saa ngapi.

Mtaniuliza, nawe mpiga mbiu, siku ile ulikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya wanafunzi. Watoto walipoanza kuimba na Biharusi akayumba, niliiweka mbiu yangu mdomoni nikaipuliza, kunogesha. Ndiyo maana siwezi kuamua mimi. Kila nikilinyanyua jembe hili nimpelekee mtu, naona mpini umenigeukia.

Basi liko hapa mbele yenu, tangu siku ile halijachimba kitu. Nandonde alijua akanyamaza. Mwalimu hakujua, akaomba. Bi Tausi aliamuru bila kugusa. Hokororo alipenda, na ufunguo alikuwa nao. Nasi wengine tulipiga makofi. Amueni upesi, maana jana jioni nilipita kando ya ua, nikachungulia, na ndama yule ameanza kuyumba.

Je, nani alistahili jembe hili?