Ndoo ya Msibani na Mtoto Mmoja wa Watasema

Kabla sijasimulia, niungame. Nilikuwa na mbwa jike, Chausiku, aliyenilindia mihogo miaka sita. Siku moja nikakuta dagaa wangu wameota ukungu mfukoni. Kuwatupa nikaona hasara. Nikasema, "Mbwa hachagui," nikamchanganyia na ugali wa juzi. Alinitazama kwanza, kama anayeuliza, kisha akala kwa kuwa ni mimi niliyempa. Siku ya tatu nikamzika. Watoto nikawaambia ameumwa na nyoka. Mungu alijua, na sasa nanyi mmejua.

Basi hapo zamani, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, mahali mashamba yanapogusana na msitu, aliishi mzee wa kanisa aitwaye Mbonea. Kule nyani ndio wavunaji wa kwanza. Mwenye mbwa hodari hula makande yake mwaka mzima. Asiye na mbwa hula kwa majirani. Na mbwa wa Mbonea, Watasema, hakuwa na mfano. Akibweka mara moja, nyani walipakia watoto wao mgongoni wakaondoka bila kuaga.

Watasema akashika mimba. Mwezi huohuo Mzee Mbonea akaitwa hospitali ya mbali kutolewa mtoto wa jicho, wiki tatu. Akawaita majirani zake. Akamwita Nakijwa, mjane, ambaye shamba lake ndilo la mwisho kabla ya msitu. Akamwita Mchome, muuza nyama. Akamwita Eliamani, mpiga tarumbeta wa kanisani, aliyekuwa amefyeka shamba jipya akijiandaa kuoa. Hakuna kati yao aliyekuwa na mbwa.

Mzee akasema, "Majirani, roho yangu naiacha hapa. Atakayemfikisha Watasema salama hadi azae, nitampa mtoto wa mbwa."

Nakijwa akashika kazi. Asubuhi alichambua mahindi, punje yenye ukungu akaitupa, akasaga dona. Dagaa aliwaosha mara tatu, akawachemsha bila chumvi wala kitunguu, akaongeza boga. Mifupa ya kuku hakumpa kamwe. Na kabla ya kumwekea, alinusa, kisha akaonja yeye mwenyewe. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku kumi na tisa, hivyohivyo.

Mchome alikuwa akipita anacheka. "Shemeji, huyo ni mbwa au mkwe? Mimi mwenyewe sijawahi kuonjewa chakula!"

"Jifunze kubweka, shemeji, nitakuonjea."

Siku ya ishirini kukawa na msiba kijiji cha juu. Nakijwa aliamka na mafua makali, pua imeziba, macho yanatiririka. Hata hivyo alikuwa anajikongoja kwenda jikoni Eliamani alipofika kutoka msibani, amevaa koti lake jekundu la tarumbeta, ndoo mkononi.

"Dada, leo pumzika. Nimemletea Watasema nyama na wali wa msibani. Nimetembea na ndoo hii tangu saa sita, juani, kwa ajili yake tu."

Nakijwa akafunua kifuniko, akainama. "Mbona sisikii harufu yoyote?"

"Basi kizuri hicho, dada! Kibaya si kingenuka?"

Akaonja kidogo. Ulimi nao haukusikia kitu. Mwili ukawa unamwambia akalale. Akamimina sufuriani, Watasema akaja akitikisa mkia.

Mchome alikuwa anarudi buchani. Alipofika kwenye ua wa minyaa akasimama ghafla. "Nani kafungua kaburi?" Akaruka ua, akaipiga sufuria teke, akaingiza vidole mdomoni mwa mbwa kutoa kilichobaki. Watasema akamng'ata kidole hadi damu.

"Ninyi watu! Nyama inateleza kama sabuni, hamuoni?"

Lakini nusu ilikuwa imeshakwenda. Mchome akafunga kidole chake, akasema, "Yangu nimefanya," akaenda zake.

Haikupita saa, Watasema akaanza kutapika, akalala ubavu. Eliamani akavua koti lenye vifungo vya dhahabu, akamfunga nalo, akamweka begani. Akateremka mlima mwendo wa saa tatu, mbwa akimtapikia shingoni, naye akimwimbia pambio. Afisa mifugo akamchoma sindano, akamtundikia dripu. Eliamani hakuondoka pale siku mbili.

Watasema akapona. Akazaa watoto wanne. Watatu walikuwa wafu. Mmoja, jike mwenye soksi nyeupe mguu mmoja, alilia.

Mzee Mbonea akarudi na macho mapya. Akaelezwa yote, akalia. Kisha yule mdogo akamnyonya kidole, mzee akacheka na machozi yake.

Nakijwa akasema, "Baba, nilimimina mimi. Siwezi kuinua uso. Lakini afisa mifugo mwenyewe alimpapasa mbavu akasema, 'Huyu kalishwa vizuri, ndiyo maana amevumilia.' Nguvu zile ni za siku kumi na tisa za mikono yangu. Na mwaka jana, baba, nyani hawakuniachia hata gunzi."

Mchome akasema, "Mimi sikushika mwiko, nilicheka tu, Mungu anisamehe. Lakini angemaliza sufuria ile leo tungekuwa na kaburi, si mtoto. Tazama kidole hiki, hakikunjiki tena. Mbuzi wangu wa kuchinja hawana mlinzi."

Eliamani akasema, "Ndoo niliileta mimi. Niliileta kwa upendo, ila sikunusa. Lakini alipokuwa anakufa, nani alimbeba? Koti halijatakata hadi leo. Harusi ya Jumamosi nimepiga tarumbeta na shati tupu."

"Na ukapiga vibaya," akasema Mchome.

"Nilipiga kwa huzuni, shemeji."

Mzee Mbonea akampakata mtoto wa Watasema. Akafumba macho, akaomba, akafumbua. Wakamtazama. Akafumba tena. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, nyani wameshaonekana juu ya mwamba, na ahadi ya mzee wa kanisa hairudi nyuma.

Je, nani alistahili kupewa mtoto yule? Aliyelisha siku kumi na tisa akakosea moja? Aliyekaa siku kumi na tisa akaokoa moja? Au aliyeleta sumu kwa upendo, kisha akambeba mgonjwa begani?

Mimi mwenyewe nimejibu mara nyingi, kila mara jina tofauti. Ninakuomba kitu kimoja tu: usiniambie "wote watatu," maana mtoto ni mmoja. Nitajie jina.