Mkeka Uliopanda Mlima

Nimetumiwa hii asubuhi, nikaona si vyema nile peke yangu. Isome taratibu, kisha mpelekee yule wako anayepakua sahani hadi ifurike.

Hapo kale, katika nchi ya milima ambako ukungu hushuka na kulala juu ya mapaa, alikuwepo mfalme aitwaye Mrindoko. Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi yao: heshima ya mwanamume waliipima kwa urefu wa ugali wake. Ugali wa mfalme ulikuwa mlima. Yeye aliketi upande mmoja wa mkeka, mkewe Mama Nanzia upande wa pili, na katikati ulisimama ugali hata wasionane.

Kubakiza chakula kulikuwa ni kuyatukana mavuno. Basi mfalme alimaliza wote, akashushia na kibuyu cha togwa, watu wakapiga vigelegele. Usiwacheke. Hata leo wapo wanaokuongezea sahani ya pili na kununa ukikataa.

Mwaka mmoja Nanzia, binti yao wa pekee aliyeolewa juu kabisa mlimani, alijifungua mtoto wa kike. Kwa mila yao, jina hutolewa na babu, naye lazima apande kwa miguu yake mwenyewe. Akibebwa, jina halishiki.

Mfalme alifika kona ya kwanza tu ya njia. Magoti yakagoma, pumzi ikamwishia, akaketi juu ya jiwe na kulia mbele ya watu wake. Kule juu mjukuu wake akabaki kuitwa "huyu".

Kwa hasira akaapa kutokula kabisa. Akashinda na maji, akalala na maji, akaota mikungu ya ndizi ikielea ukunguni. Mwisho akaanguka mlangoni. Alipozinduka, alikula kama anayelipiza kisasi.

Mama Nanzia akamwambia, "Baba Nanzia, njaa haijawahi kumpandisha mtu mlima. Niachie jiko."

"Utaninyima?"

"Nikunyime wewe, mume wangu? Utakula kila siku. Ila utakula nitakachopakua, na utakulia nitakapotandika."

Siku iliyofuata mchicha na maharage vilitangulia, ugali ukaja nyuma. Ulikuwa umepungua tonge moja tu, na nani angejua? Mahali pa togwa paliwekwa maji na kipande cha papai. Mkeka nao ulitandikwa nje ya lango.

"Kwa nini huku?" mfalme akauliza.

"Ndani kuna moshi."

Kesho yake mkeka ulikuwa mbele kidogo, penye migomba.

"Na leo?"

"Pale pa jana pana siafu, Baba Nanzia. Njoo ule."

Kisha ukaja msimu wa ukungu mzito. Wapishi walitangulia na vyungu vichwani, mfalme akafuata harufu ya maharage, haoni mbele wala nyuma. Alitembea kama mtu aliye ndotoni, huku umande ukimlowesha nyusi. Kila siku ugali ulishuka kidogo, na kila siku mkeka ulisogea kidogo. Alikula polepole, akashiba, na akashangaa kwamba ameshiba.

Siku moja aliinua kichwa, na juu ya ugali akaona macho mawili, pua, na tabasamu.

"Mama Nanzia! Una mvi!"

"Nina mvi siku nyingi, Baba Nanzia. Ugali ndio uliokuziba."

Mfalme akaliweka tonge chini. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu, na moyo ukamuuma kwa miaka yote aliyokula naye bila kumwona.

Mara, nyuma ya ukungu, akasikia kitoto kikilia.

"Mtoto wa nani huyo?"

"Mjukuu wako."

Ukungu ukafunguka. Chini kabisa, paa la ikulu lilionekana dogo kama kibuyu. Mkeka ulikuwa umetandikwa uani kwa Nanzia, mlimani juu, na mfalme alikuwa amefika hapo kwa miguu yake mwenyewe.

Nanzia akatoka na mtoto mikononi. "Baba, mpe jina."

Wazee waliokusanyika uani walitarajia jina la bibi wa kale wa ukoo. Mfalme akamwangalia mkewe.

"Namkunda," akasema.

Mama Nanzia akajiziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Lilikuwa jina lake mwenyewe, alilokuja nalo akiwa bi harusi, na tangu azae hakuna aliyewahi kumwita kwa jina hilo tena.

Funzo: Mwili haupunguzwi kwa kuuadhibu kwa njaa; punguza tonge, ongeza mboga, sogeza mkeka kidogo kila siku, nawe utafika kwa wanaokusubiri na utawaona tena unaokula nao.