Teke la Gobore la Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuombana chumvi asubuhi kama tunavyofanya sisi, palikuwa na kijiji juu ya majabali. Karibu kila nyumba ya kijiji hicho ilikuwa na kitanda kimoja kitupu, kitanda cha mtoto.

Aliyevifanya vitupu ni Bwana Chui.

Bwana Chui aliokota gobore la mwindaji mmoja aliyekimbia simba, pamoja na pembe ya baruti na mfuko wa risasi. Basi akatoa amri: kila Jumanne nyumba moja itoe mtoto, ama atalielekeza gobore kwenye milango yote. Mtoto alisimamishwa uwanjani. Bwana Chui alilala kifudifudi, akakiegemeza kitako cha gobore kwenye kichuguu, kisha tuuu! Yamekwisha.

Jumanne hii zamu ilikuwa ya Bi Pimbi. Alikuwa mjane, na mtoto wake ni mmoja tu, Sikudhani.

"Mama, nivae gauni la Idi?"

Bi Pimbi alimvisha. Alimfunga vifungo, akakosea, akafungua, akafunga tena. Kuomba alikuwa ameomba usiku kucha mpaka maneno yakamwishia.

"Hodi!" Alikuwa Mama Digidigi, jirani yake. "Nimekuja nikushike mkono, shoga. Wangu alikwenda mwezi uliopita, najua miguu inavyokataa. Lia tu njiani, si aibu."

"Silii," alisema Bi Pimbi. "Nikilia sitaweza kusema uongo."

Mama Digidigi hakuelewa. Wakaenda uwanjani kwa Bwana Chui, Sikudhani katikati yao.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Leo mapema! Wenzako huburutwa."

"Nimewahi, Bwana, kwa sababu ya maneno ya watu. Wanakusema vibaya."

"Maneno gani?"

"Naona haya."

"Sema, kabla sijakuvua hizo haya pamoja na ngozi!"

"Wanasema anayeua si wewe, ni kichuguu. Eti Bwana Chui analala tumbo chini kama mjusi, kichuguu ndicho kinachoshika bunduki. Ukipita, wanacheka kwa ndani: 'Shikamoo, Bwana Kichuguu!'"

Mkia wa Bwana Chui ukapiga mavumbi, pa! pa!

"Mimi? Kichuguu? Hebu niambie, wawindaji wenyewe hushikaje?"

"Marehemu mume wangu aliwabebea baruti miaka mitatu. Hodari, Bwana, husimama wima mahali pa juu, aonekane. Kitako hakigusi bega, kiganja kipite katikati. Kulibana begani ni mambo ya waoga, kama mtoto anayeng'ang'ania shingo ya mamaye. Na baruti ni vipimo viwili."

"Viwili?"

"Kimoja ni cha kuwindia kware."

Lo! Mwenyezi Mungu amsamehe, hapakuwa na neno la kweli hapo ila hiyo miaka mitatu. Marehemu alimwambia kinyume chake kabisa. "Mke wangu," alisema, "bunduki ina teke. Kadiri inavyoisukuma risasi mbele, ndivyo nayo inavyosukumwa nyuma. Ukiibana begani mnakuwa kitu kimoja kizito, teke linageuka msukumo tu. Ukiiachia nafasi, inakuja peke yake na mbio zake zote, kama nyundo. Na ukizidisha baruti, umezidisha teke."

Siku zote hizo kichuguu ndicho kilichokuwa kikimeza teke. Bwana Chui hakulijua hata kwa jina.

Lakini jambo moja marehemu hakumwambia: gobore likishikwa vibaya hivyo, risasi itakwenda wapi? Maana mbele ya mtutu angesimama Sikudhani.

Bwana Chui akapanda mwamba mrefu. Mbele yake uwanja, nyuma yake korongo la mawe. Akamimina baruti, akamimina tena, akatia risasi, akashindilia kwa ufito, kop, kop, kop. Akasimama kwa miguu miwili.

"Hivi?"

"Mbali kidogo na bega, Bwana. Miguu pamoja. Kifua mbele, mabega nyuma. Mashallah! Sasa ndiyo chui!"

"Nani kichuguu leo, eh? Nani kichuguu?"

"Mama," Sikudhani aliita kutoka uwanjani, "nifumbe macho?"

"Fumba, mwanangu."

Bi Pimbi naye akafumba ya kwake.

TUUUU!

Mtutu uliruka juu kama shingo ya punda aliyeshtuka. Risasi ikapita juu ya kichwa cha Sikudhani, ikachana majani ya mti. Kitako nacho kikarudi nyuma, ka! Bega likavunjika.

"Yalaa! Nani kanipi..."

Hakumaliza. Alirudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo haikuwa na pa kukanyaga. Puu! Chini kwenye mawe, asiinuke tena. Gobore likamfuata, kacha, kacha, likavunjika vipande viwili.

Kisha milango ikafunguka, vigelegele vikapanda mpaka mbinguni. "Bi Pimbi! Bi Pimbi, mama wa akili!" Wakambeba Sikudhani juu juu, wakamzungusha uwanja mzima.

Mama Digidigi peke yake hakupiga kigelegele.

"Shoga," alisema. "Habari hizi za gobore kupiga nyuma, ulizijua lini?"

Bi Pimbi angeweza kudanganya. Siku hiyo uongo ulimjia mwepesi. Lakini alipoutazama uso ule, aliusema ukweli.

"Mwaka juzi. Marehemu alinieleza kabla hajafa."

"Mwaka juzi." Mama Digidigi aliyarudia maneno hayo. "Basi Jumanne ile ya Mbaruku wangu, ulipokuja kunishika mkono, ulikuwa unajua."

"Nilijua, shoga. Niliogopa. Nikasema labda Mungu mwenyewe atamwondoa Bwana Chui kabla ya zamu yangu. Nimekosa. Nisamehe."

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Mama mmoja akageuka kwenda kwake, kisha wa pili, kisha wote.

Mama Digidigi alimwinamia Sikudhani, akamfuta mavumbi usoni taratibu, kama anayemfuta wake. Kisha akaenda zake, hakumtazama Bi Pimbi.

"Mama, kwani hatukushinda?"

"Tumeshinda, mwanangu," alisema Bi Pimbi. Akakaa chini juu ya mawe ya moto, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Naitua hapa hadithi yangu, wanangu, na Mungu atusamehe sisi tuliowahi kunyamaza: neno linaloweza kumwokoa mtoto wa jirani, lisingoje zamu ya mtoto wako.