Wodi ya Daktari Nyamizi

Hii nimetumiwa na shemeji yangu ambaye ni nesi. Isome mpaka mwisho, halafu mtumie kila anayefundisha watu, hata kama anafundisha kushona tu.

Chuo kimoja cha udaktari kilikuwa na wodi ya wagonjwa wa akili. Bingwa wake alikuwa mmoja tu, mama aitwaye Nyamizi, naye alikaribia kustaafu. Uongozi ulisema wazi: asipopatikana mwanafunzi wa kusomea ubingwa huo, wodi itafungwa na wagonjwa watarudishwa makwao. Wengine, masikini, huko kwao walikuwa wakifungwa kamba.

Mkuu wa chuo, Profesa Mwaijande, aliumia sana. Alikuwa mtu mwema na mpasuaji hodari, ila ulimi wake ulikata kuliko kisu chake. Akaamua kupima ni nini kinachowavuta vijana kwenye fani nyingine. Akawakusanya ukumbini wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

"Mliochagua fani kwa sababu ya mshahara, mikono juu!"

Mikono ikapanda.

"Kwa sababu ya wazazi?"

Ikapanda mingine. Kijana mmoja alinyoosha yote miwili, maana baba na mama yake wote ni madaktari.

"Kwa sababu ya heshima?"

Hapo hata waliokuwa wanasinzia waliamka.

"Basi tumejua," Profesa akasema kwa uchungu. "Pesa, wazazi na sifa." Kisha akamwona binti mmoja ambaye hakunyoosha mkono hata mara moja. "Asimwe, wewe umechagua nini?"

"Upasuaji, Profesa."

"Kwa sababu gani?"

"Yangu hujaitaja."

"Haya, itaje."

Asimwe akasimama. "Nilikuja hapa nikiitaka wodi ya Daktari Nyamizi. Mama yangu mdogo alitibiwa pale. Leo anauza vitenge na anatuchekesha nyumbani. Lakini mwaka wa tatu, kwenye raundi ya kupitia wagonjwa wodini, nilikosea jibu. Ukaniambia mbele ya wenzangu, 'Kichwa hiki kitafaa wodi ya vichaa tu.' Wote wakacheka. Sasa nikiichagua wodi ile, Profesa, si nitakuwa nimekubali kwamba sina akili?"

Profesa hata hakukumbuka siku yenyewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kuna mwingine niliyemwambia hivyo?" akauliza taratibu.

Mikono ikapanda, mingi kuliko ya mshahara.

Kesho yake Profesa alihamishia raundi kwenye wodi ile. Safari hii hakuongoza yeye. Alisimama nyuma pamoja na wanafunzi, akamwomba Daktari Nyamizi amuulize swali kama wanavyoulizwa wao. Akaulizwa habari za mgonjwa aliyekuwa mbele yao. Akajibu, akakosea.

Wanafunzi wakatazamana. Walijua neno linalofuata baada ya kosa.

"Hapana, Profesa," Daktari Nyamizi akasema kwa upole. "Hebu kaa naye kwanza, umsikilize tena."

Profesa akavuta kiti, akakaa. Hakuna aliyecheka.

Asimwe akasogea mbele. "Daktari, naomba na mimi nikae."

Wodi haikufungwa.

Funzo: Kabla ya kuwauliza vijana kwa nini wanaikimbia kazi fulani, kumbuka ulivyoitaja kazi hiyo siku walipokosea.