Mkalimani Aliyekosa Mkalimani

Karakana ile ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, feni iliyolalamika mchana kutwa, na kompyuta moja tu. Mafundi wa hapo waliiunda wenyewe, nayo haikujua lugha yoyote isipokuwa namba. Kazi ya kuiandikia mkalimani, yaani programu ya kugeuza maneno ya binadamu kuwa namba za mashine, alipewa kijana waliyemwita Profesa, ingawa chuo alikiacha mwaka wa pili. Mkurugenzi alitamka wazi: "Isiponielewa Ijumaa, nafunga karakana."

Profesa alikuwa mjuzi, hilo halina ubishi, lakini majivuno yalimjaa pomoni. Alibuni lugha tamu, kisha akamwandika mkalimani mzima kwa lugha hiyohiyo, kurasa arobaini bila doa. Jumatatu alizitandaza mezani akitabasamu hadi jino la mwisho.

Shangazi yake, fundi aliyeunganisha nyaya zote za mashine ile, alizisoma moja baada ya nyingine. Akavua miwani.

"Kazi safi, mwanangu. Sasa nani ataisomea mashine?"

"Si mkalimani, shangazi?"

"Yupi? Huyu aliyelala kwenye karatasi?"

Profesa akazitazama upya kurasa zake. Lahaula! Amemwandika mkalimani kwa lugha ambayo mkalimani huyohuyo tu ndiye angeielewa! Watu sita wangekosa kazi, shangazi akiwemo, na kosa lilikuwa lake peke yake.

"Mwandike mkalimani mdogo kwanza, kwa namba," shangazi alisema. "Ajue maneno kumi tu."

"Namba tupu? Mimi? Hiyo ni kazi ya vibarua, shangazi."

"Basi kibarua ni mimi. Hebu sogea."

Shangazi alipoishika kalamu, Profesa aliona haya, akaiomba. Siku mbili aliandika namba, moja moja, mgongo ukimuuma, shangazi akizikagua. Akikosea moja tu, mashine ilinyamaza kama mtu aliyenuna. Jumatano jioni mkalimani mdogo alifanya kazi. Lakini zile kurasa arobaini zilijaa maneno ya madoido asiyoyajua. Alhamisi Profesa alizipitia zote, akifuta mbwembwe zake na kuandika upya kwa maneno yale kumi. Iliuma, maana alizipenda.

Ijumaa, mkurugenzi akiwa amesimama mlangoni, mkalimani mdogo alimtafsiri mkubwa, yule wa kurasa arobaini, kuwa namba. Kisha, ili kumpima, mkubwa akapewa kurasa zilezile, akajitafsiri mwenyewe bila kukosea hata namba moja. Mkurugenzi akaandika swali lake kwa maneno ya kawaida. Mashine ikamjibu.

"Jumatatu kazini, nyote," akasema, akaondoka.

Profesa alijiangusha kitini, machozi yakimlengalenga. "Shangazi, kumbe ningeandika zile namba tangu mwanzo!"

"Ndiyo hivyo, mwanangu," shangazi akamjibu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."